Mti Unaokunywa Rangi

Nilistaafu kazi ya misitu nikiwa na kipaji kimoja ambacho hakuna aliyekihitaji: niliweza kuutambua mti kwa kunusa mbao zake. Nilikuwa bwana misitu maisha yangu yote ya kazi, na sehemu kubwa ya maisha hayo niliitumia kwenye kizuizi cha barabarani, ambako malori ya mbao yalisimama nami nikayazunguka kwa nyuma nikiwa na daftari na kalamu ya wino mwekundu. Nilijua mninga, mkongo, mvule na mpingo. Nilijua daraja la kila mti katika orodha ya serikali, na niliiheshimu miti kama watu wanavyowaheshimu wakubwa wa ofisini, yaani kwa cheo. Mbao za daraja la juu nilizipapasa. Za daraja la mwisho nilizipungia mkono zipite, hata sikuuliza zinakwenda kufanya nini huko mjini.

Mwaka wa kwanza wa kustaafu nilikaa barazani kwangu hapa Kibiti nikingoja watu waje kuniuliza habari za miti. Hawakuja. Walikuja kumwuliza mke wangu habari za mikeka. Yeye ni mzaliwa wa Salale, kule deltani, na amesuka mikeka tangu usichana wake. Wanawake wanatoka hata Ikwiriri kuja kutazama alivyoipanga zambarau na kijani. Wakifika barazani wananisalimu kwa adabu zote, "Shikamoo mzee, mama yupo?" nami nawaelekeza uani. Kazi hiyo ya kuelekeza uani niliifanya kwa uaminifu, kama nilivyozoea kufanya kazi za umma.

Tunaishi na mjukuu wetu wa kike, ambaye wakati ninaouzungumzia alikuwa na miaka minne. Mama yake, binti yetu, anafanya kazi Dar es Salaam. Kwa utani wa kwetu mke wangu humwita mke mwenza, na mtoto huyu aliikubali nafasi hiyo mapema, akawa na amri zaidi ndani ya nyumba kuliko mimi. Siku moja bibi yake alimnunulia gari la plastiki gulioni. Gurudumu moja lilitoka njiani, la pili mlangoni, na jioni gari lote lilikuwa vipande viwili, kila kimoja kikidai kuwa ndicho gari.

Nikasema mbele ya wote wawili, "Acheni takataka za plastiki. Mimi nitamtengenezea vichezeo vya mbao."

Mke wangu alikuwa anapasua miyaa, yaani majani ya ukindu ya kusukia. Hakuinua uso. "Wewe?"

"Mimi."

"Umewahi kutengeneza nini cha mbao, baba?"

Lilikuwa swali la haki. Maisha yangu yote nilikuwa nimezizuia mbao. Sikuwahi kuunda hata kigoda. Lakini mtoto alikuwa ameshasikia, akaanza kuagiza. Alitaka kiboko wa buluu, samaki wa njano na kamba wa pinki. Nikamweleza kwamba kiboko si wa buluu. Nilimweleza kwa muda mrefu, na naamini maelezo yangu yalikuwa sahihi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wa buluu, babu."

Kesho yake nikaenda kwa fundi mmoja wa makabati aliye karibu na barabara kuu. Fundi huyu hutumia kitu wanachokiita vinia. Ni mti uliomenywa mwembamba kama ganda la kitunguu lililokauka, ila ni mpana kama meza. Anaubandika juu ya ubao wa bei rahisi, na kabati zima linaonekana la mninga. Makabati mengi ya Kibiti ni mninga wa usoni tu, kama alivyokuwa afisa mmoja niliyepata kufanya naye kazi. Nilikuwa nimefikiria kwamba vinia itanifaa kwa sababu sikuwa na nguvu za kupasua magogo. Ukibandika vipande vitatu pamoja, nyuzi za mti zikipishana, unapata kibao chepesi kisichovunjika, ambacho hata mstaafu anaweza kukikata kwa msumeno mwembamba.

Fundi alinipa robota la vipande vilivyobaki kazini: mninga, mkangazi, mtiki. Juu na chini ya robota kulikuwa na karatasi kadhaa nyeupe, hazina hata mistari ya kupendeza.

"Hizo nyeupe ni za kukingia tu," fundi akasema, "nzuri zisichunike kwenye lori."

Nikazitoa nikaziweka kando kwa vidole viwili, lakini fundi alipolifunga robota akazirudishia juu na chini. Fundi akaniuliza nataka kufanya nini, nikamweleza.

"Unasema buluu, mzee?"

"Buluu."

"Juu ya mninga?"

"Juu ya mninga."

Akajikuna shingo. "Mninga una rangi yake, mzee. Ukichovya kanga nyekundu kwenye ndoo ya buluu, haitoki ya buluu."

Nikamwambia, "Fundi, mimi ni mtaalamu wa miti."

Akaomba radhi. Mtu wa kwetu akiambiwa neno mtaalamu huomba radhi kwanza, kisha hukaa pembeni angoje matokeo.

Nilingoja siku ambayo mke wangu alikwenda kwenye shughuli ya harusi. Nikachukua pakiti zake za rangi ya unga, zile anazochemshia miyaa. Nikachukua na sufuria. Yalikuwapo masufuria mawili, moja jeusi lililopondeka na moja jeupe la kung'aa, nami kwa kuwa kazi ilikuwa ya kitaalamu nikachagua la kung'aa. Nikachemsha maji, nikatia buluu, nikazamisha mninga. Nikachemsha mengine, nikatia pinki, nikazamisha mkangazi. Mtiki niliupa njano. Kisha nikakaa kwenye kibao cha mbuzi, nikakoroga kwa mwiko, nikijihisi kijana.

Mninga ulitoka na rangi ya maji ya Rufiji wakati wa mafuriko. Mkangazi ulitoka kama ini la ng'ombe lililokaa juani. Mtiki haukutoka na chochote. Una mafuta yake ndani, na rangi iliteleza juu yake ikajikusanya matone matone kama maji juu ya jani la yugwa. Nikavianika vyote kwenye kamba ya nguo, nikavitazama kwa mbali, nikavitazama kwa karibu. Mjukuu wangu akaja akasimama kando yangu.

"Babu, hii rangi gani?"

"Buluu ya kiungwana."

Akakisogelea kile kipande, akakigusa kwa kidole kimoja. "Si buluu," akasema, kwa upole wa mtu anayempa mgonjwa habari mbaya.

Mke wangu aliporudi alikwenda moja kwa moja jikoni, kwa sababu sufuria la kung'aa ndilo alilokuwa amelitoa tayari kwa pilau ya wageni wa kesho yake. Akalitazama ndani. Akanitazama mimi. Akavua baibui, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kuazima sufuria kwa jirani. Ningependelea anigombeze.

Mtu mwingine angeishia hapo, lakini mimi nilikuwa nimelelewa na ofisi. Jambo likishindikana ofisini, huundiwa kamati. Nikawaita wastaafu wenzangu wawili ambao mimi hunywa nao kahawa: mmoja alikuwa bwana shamba, mwingine karani wa mahakama. Nikawapangia vipande vyangu mezani. Bwana shamba alivigeuza, akasema tatizo ni udongo ulikoota mti. Karani akasema tatizo ni kwamba hakuna utaratibu, akaomba karatasi aandike. Tulikaa mpaka kahawa ya pili ikaisha. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kutia kitu rangi, na labda ndiyo maana majadiliano yalikuwa mazuri sana.

Maazimio yalikuwa matatu. La kwanza, mninga ubaki kuwa mti wa vichezeo kwa kuwa ni mti wenye heshima. La pili, rangi ya kahawia itambuliwe kuwa ni rangi. La tatu, mtoto aelimishwe.

Nikamsomea mjukuu wangu maazimio. Akauliza, "Kiboko yuko wapi?"

Baada ya muda dada mkubwa wa mke wangu, aliyeko Salale, alimwoza binti yake, nasi tukaitwa. Tuliteremka mpaka Nyamisati, tukapanda boti ya injini, tukaingia kwenye vijito vya mikoko maji yakiwa yamejaa. Mke wangu alikuwa na kikapu kikubwa. Nilidhani kina zawadi za bibi harusi, na zilikuwamo, lakini chini ya zawadi alikuwa ametia vipande vyangu vyote vya vinia. Hakuwa ameniambia. Mke wangu ni mtu wa kutenda kwanza, taarifa baadaye, kinyume kabisa na mafunzo yangu.

Siku ya pili baada ya harusi, wanawake walikuwa uani wakitia miyaa rangi. Masufuria matatu yalikuwa juu ya mafiga na mafundo ya miyaa yakiingia meupe, yakitoka mekundu, ya kijani, ya zambarau, yakianikwa juu ya vichaka mpaka ua mzima ukawa kama duka la kanga. Mke wangu akanitolea kiti, akasema mbele ya dada yake, "Haya, mweleze shemeji yako shida yako."

Nikaeleza. Nilianza na madaraja ya miti. Nikaja kwenye asili ya mninga, uzito wake, uimara wake dhidi ya mchwa, na jinsi unavyotafutwa hata nchi za nje. Shemeji yangu alinisikiliza huku akikoroga. Ni mwanamke mnene, mpole, mwenye vidole vilivyoingia rangi kwenye kucha kiasi kwamba hata kwenye harusi hahitaji hina. Nilipomaliza akafuta mikono, akaniambia nimpe hivyo vipande. Akavipanga juu ya mkeka, kimoja kimoja. Kisha akachovya kidole kwenye bakuli la maji safi, akadondosha tone moja juu ya kila kipande, akakaa akitazama.

Tone la juu ya mtiki lilisimama kama shanga. La juu ya mninga lilikaa, likafikiri, likaanza kuenea taratibu. La mkangazi vivyo hivyo. Kipande cha mwisho kilikuwa cheupe, kimeungua pembe moja. Nikakitambua. Kilikuwa kimoja kati ya zile karatasi za kukingia, ambacho mke wangu alikuwa amekiokota akakitumia kupepea mkaa. Tone la juu yake halikuwapo. Lilikuwa limeshaingia ndani.

"Huu umekunywa," shemeji akasema.

"Huo ni wa kufungia tu, shemeji. Hauna thamani."

"Sikukuuliza thamani yake. Nimesema umekunywa." Akachukua fundo la miyaa mikavu ambayo haijatiwa rangi, akaniwekea mapajani. "Hii tunaichuma ikiwa changa, bado haijafunguka. Tunaianika mpaka iwe nyeupe. Ndipo tunaitia rangi. Umewahi kuona mtu anatia rangi miyaa iliyokwisha kuwa kahawia?"

Nikakiri sijaona.

"Basi wewe shemeji ulikuwa unachagua mti wa kutia rangi, au ulikuwa unatafuta mkwe?"

Wanawake wote uani wakacheka. Mke wangu alicheka akiwa amejifunika uso kwa upande wa kanga, heshima ambayo niliithamini. Shemeji akakizamisha kile kipande kwenye sufuria la buluu, akaweka kijiwe juu yake kisije kikajikunja. Tulipokitoa kilikuwa cha buluu. Si buluu ya kiungwana, ni buluu yenyewe, usoni, nyuma na katikati. Nilikata ukingo kwa kisu kuhakikisha. Rangi ilikuwa imepita mpaka ndani.

Nilichukua kipande kingine cheupe kilichobaki kwenye kikapu, nikakinusa. Ulikuwa mfune. Mtu yeyote aliyepita njia ya Ngarambe ameiona mifune, mirefu, shina limenyooka, gome la manjano manjano, imesimama peke yake mashambani kwa sababu hakuna mkulima anayehangaika kuikata. Daraja la mwisho. Miaka yote nilikuwa nimeipungia mkono ipite. Malori ya mfune yalipofika kizuizini sikuwa hata nainuka kwenye kiti, na madereva walinipenda kwa hilo. Na sasa mtu ambaye hajawahi kuiona orodha ya serikali alikuwa ameupanga upya kwa tone la maji, juu ya mkeka, huku akingoja sufuria lichemke. Nilijisikia vibaya kidogo. Nilisema kwamba jua ni kali, nikasogeza kiti kivulini.

Tuliporudi Kibiti nilikwenda kwa fundi nikamwomba karatasi zake zote za kukingia. Alinipa bila kuniuliza, lakini nilimwona akijizuia. Mke wangu ndiye aliyezichagua. Alizidondoshea maji moja moja, akazitenga. Ile yenye mchirizi wa kahawia aliikataa, kwa sababu mchirizi hunywa polepole na rangi hutoka na madoa. Ile yenye fundo la tawi aliikataa. Alitaka zenye weupe mmoja toka pembe hadi pembe. Alizichemsha yeye, kwenye lile sufuria lililokuwa la kung'aa, ambalo halikurudi tena jikoni. Mimi nikabandika na kukata. Kwa kuwa tulitia rangi kabla ya kubandika, na karatasi ya kati tukaiacha nyeupe, ukingo wa kila kichezeo ulionyesha matabaka, buluu, nyeupe, buluu, kama keki ya harusi. Kiboko wa kwanza alikuwa na miguu mitatu kwa makosa yangu. Mjukuu wangu alimpokea kwa mikono miwili, akamlaza chali, akamfunika kwa kipande cha kanga, akatuambia tusipige kelele.

Sasa nitasema jambo ambalo si la kujivunia. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimewaeleza watu wa Kibiti kwamba nimegundua matumizi mapya ya mfune. Nilitumia maneno "baada ya utafiti". Sikumtaja shemeji yangu. Mke wangu nilimtaja kama msaidizi. Na ili wenzangu wa kamati waone ushahidi, Ijumaa moja nilitia kamba wa pinki mfukoni mwa kanzu yangu nyeupe, nikaenda naye msikitini, niwaonyeshe baada ya swala.

Siku hiyo kulikuwa na joto, msikiti umejaa, na mimi ni mtu wa jasho. Sikuhisi kitu. Tulipotoka nje nikaona karani wa mahakama ananitazama nyongani, kisha anatazama pembeni, kisha ananitazama tena. Bwana shamba akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimejikata. Nikainama kuangalia. Upande mzima wa kulia wa kanzu, kutoka mfukoni mpaka gotini, ulikuwa pinki. Nikamtoa kamba mfukoni kuwaeleza, na vidole vyangu navyo vikawa pinki. Wale waliokuwa wameswali safu ya nyuma yangu walipita wakinipa pole.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya soko nikiwa nimekusudia kunyamaza. Lakini nilimkuta mke wangu amesimama mlangoni na mtoto mkononi, na ulimi wa mtoto ulikuwa wa buluu, na midomo, na meno.

"Alikuwa anambusu kiboko," mke wangu akasema. "Nadhani na kumng'ata." Alikuwa ameingiwa na hofu, na mimi sikuwa nimemwona na hofu kwa muda mrefu, kwa hiyo nilisahau kanzu. Tukaenda zahanati vile vile tulivyokuwa.

Muuguzi alikuwa binti mdogo mchangamfu. Akamfungua mtoto mdomo, akatabasamu kama mtu anayeona jambo la kila siku. "Amekula ubuyu wa rangi?"

"Amekula kiboko," nikasema.

Akaacha kuandika. Akaitazama kanzu yangu. Nikamweleza yote tangu mwanzo, ila niliruka madaraja ya miti. Alimpima mtoto, akasema hana tatizo, anywe maji mengi. Lakini akatuambia, kwa heshima na bila kuzunguka, kwamba rangi ya miyaa haikutengenezwa kwa ajili ya vinywa vya watoto, na kama tutaendelea na kazi hiyo tutafute rangi za chakula.

Tukashika njia ya nyumbani. Kisha mke wangu akasema, "Mkeka haulambwi. Sikufikiria." Ilikuwa mara ya kwanza katika shughuli hii yote kusikia mtu akisema hakufikiria, na mtu huyo alikuwa yeye, si mimi niliyepaswa kusema tangu siku ya sufuria. Nikamwambia hata mimi sikufikiria. Akasema, "Hilo linajulikana," lakini alilisema vizuri.

Viboko na samaki wote wa mwanzo tukawatia motoni. Mtoto alilia siku nzima. Mke wangu akaanza upya. Alinunua rangi za keki. Njano aliipata kwenye manjano ya kupikia. Rangi hizi ni dhaifu kuliko zile za pakiti, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mti mweupe ni wa lazima: juu ya mninga zisingeonekana kabisa, ingekuwa kama kumsomea kiziwi barua kwa kunong'ona. Juu ya mfune zilikaa laini, buluu ya asubuhi, pinki ya ndani ya kombe la baharini. Mwisho wake alizifunga kwa nta ya nyuki. Nta inatoka Ngarambe, kwa mrina asali ambaye niliwahi kumkamata na ambaye alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili. Mke wangu aliisugua nta kwa kitambaa mpaka kichezeo kikawa na mng'ao wa ngozi. Halafu alikilowesha, akakisugua kwenye kanga nyeupe. Kanga ilibaki nyeupe. Akakitia mdomoni mwake mwenyewe, akakaa nacho kama mtu anayenyonya peremende, kisha akautoa ulimi niutazame. Ulikuwa ulimi wa kawaida. Kila kichezeo kimepita kwenye mtihani huo kabla ya kumfikia mtoto.

Mjukuu alipoanza chekechea alikwenda na kiboko wake ndani ya begi. Siku hiyo hiyo mwalimu alifundisha rangi. Akauliza kiboko ana rangi gani, wenzake wakasema kijivu, yeye akasema buluu, akaambiwa amekosea, akatoa ushahidi kwenye begi. Tukaitwa shuleni. Nilivaa suti. Mwalimu mkuu alimgeuzageuza kiboko, akamnusa, akamgonga kwa ukucha, akasema shule inahitaji vitu kama hivi. Akatuomba viboko wanane, wa rangi mbalimbali, kwa ajili ya darasa la watoto wadogo.

Tulifanya kazi kwa mwezi. Mke wangu alichagua na kutia rangi, mimi nilikata na kupiga msasa. Kufikia hapo nilikuwa nimejua cheo changu. Wanane hao walikuwa na miguu minne kila mmoja, na nadhani sijawahi kusaini kitu chochote kwa furaha kama nilivyosaini karatasi ya kuwakabidhi.

Baada ya wiki mbili nikamwuliza mjukuu wangu viboko wanaendeleaje.

"Wako ofisini," akasema.

"Wanafanya nini ofisini?"

"Wako kwenye kabati la kioo. Wanangoja wageni. Hawaruhusiwi kutoka."

Mke wangu alikuwa anasuka. Akaiweka kazi chini, akaenda ndani, akatoka amevaa baibui. "Vaa suti yako," akaniambia.

Mwalimu mkuu alitupokea kwa bashasha, akatuonyesha kabati. Viboko walikuwa wamepangwa kwa ukubwa nyuma ya kioo, na kibandiko kimeandikwa kwa kompyuta. Alisema mkaguzi amewasifu. Alisema ni wazuri mno kuachiwa watoto, watoto watawaharibu. Mke wangu aliitikia kila neno kwa kichwa. Akasogea kwenye kioo, akachungulia, akaguna.

"Wameanza kukauka," akasema.

"Kukauka, mama?"

"Vinia ya mfune isiposhikwa na mikono inakauka, inapasuka. Nta yake inataka joto la kiganja. Hasa viganja vidogo." Akanigeukia. "Si ndivyo ulivyosema, baba? Mume wangu ni mtaalamu wa misitu, mwalimu. Ndiye anayejua."

Mwalimu mkuu akanitazama. Maishani mwangu sikuwahi kusikia jambo hilo, wala sikuwahi kulisema. Nikakohoa, nikafunga kifungo cha koti.

"Kitaalamu," nikasema, "unyevunyevu wa viganja vya watoto wa umri wa chekechea ni wa lazima kwa uhai wa vinia ya aina hii. Bila hivyo hatutawajibika kwa nyufa zitakazojitokeza."

Akavuta karatasi akaanza kuandika. "Mara ngapi kwa siku, mzee?"

"Ratiba anayo mama."

"Asubuhi wakifika," mke wangu akasema, "na baada ya uji. Na wakitaka kuwalaza mchana, waachwe wawalaze."

Ufunguo ukaletwa. Siku hizi, mjukuu wangu anasema, darasani kwao kuna tangazo ukutani lenye muhuri wa shule, limeandikwa KUSHIKA VIBOKO, na majina ya watoto kwa zamu. Kiboko mmoja alipoteza sikio saa ya kwanza tu. Mke wangu alipoletewa habari aliuliza ni wa rangi gani, akaenda kutafuta kipande kinachofanana.